Pete ya Jubilei: Jinsi ya Kuchagua Almasi ya Mkato wa Ngazi



Huenda msomaji akakiona kichwa cha somo letu akacheka na kusema, "Almasi na sisi, wapi na wapi?" Ni kweli kwamba wengi wetu tulifunga ndoa kwa pete nyembamba za dhahabu, wengine za fedha, na ndoa zetu hazikupungua kitu. Linaloifanya ndoa ni ridhaa ya bwana na bibi. Pete ni alama ya ridhaa hiyo, na padri huibariki bila kuuliza bei yake. Hata hivyo wako wanaotamani pete ya jiwe, hasa wanapojiandaa kwa jubilei ya miaka 25. Siku hizi simu zimejaa picha za vito, wauzaji ni wengi, na mtu aweza kupoteza akiba ya mwaka mzima kwa dakika tano. Kwa hiyo yafaa tulizungumze jambo hili waziwazi.

Tuanze na kisa cha bwana na bibi mmoja wa Changamwe. Bwana ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na bibi ni mwalimu wa shule ya msingi. Walikuwa wamebakiza miezi minne watimize miaka 25 ya ndoa. Kwa miaka kumi na mmoja kidole cha bibi kilikuwa kitupu. Pete yake ya arusi iliuzwa kwa sonara wakati mtoto wao wa pili alipolazwa hospitalini na malipo yakawashinda. Bibi mwenyewe ndiye aliyeivua na kuipeleka. Mtoto alipona, na habari ya pete haikutajwa tena nyumbani.

Lakini bwana hakuisahau. Jubilei ilipokaribia alichukua mkopo katika chama chao cha akiba na mikopo, kimyakimya. Kupitia rafiki wa kazini akatumiwa kwa simu picha ya almasi ya karati moja, ya umbo la mstatili, iking'aa kama taa. Muuzaji akamwambia atoe malipo ya kwanza kabla ya Ijumaa, maana wateja wengine walikuwa wakiingoja. Jumatano bibi alikuwa akifua shati, akakuta karatasi ya mkopo mfukoni. Usiku ule hawakula pamoja.

"Mama watoto, nilitaka kukurudishia ulichokivua kwa ajili ya mwanangu," bwana alisema.

Bibi akamjibu, "Baba watoto, ile pete niliivua nikijua. Mkopo huu umeuchukua mimi sijui."

Walipotujia hatukuwaambia nunueni, wala hatukuwaambia msinunue. Tuliwaomba wafanye mambo mawili: wasitoe hata shilingi moja kabla ya kulitazama jiwe wakiwa wawili, na kabla ya kulitazama wajifunze namna ya kutazama. Tuliyojifunza pamoja nao ndiyo haya.

MKATO WA NGAZI NI NINI?

Almasi itokapo ardhini hufanana na kipande cha chupa kilichosuguliwa na mawimbi. Mng'ao wake huletwa na fundi, anayelikata jiwe liwe na nyuso nyingi ndogo ndogo. Kuna njia kuu mbili za kulikata.

Njia ya kwanza ni mkato wa duara tuuonao katika pete nyingi. Una nyuso 57 au 58 zinazoelekeana kwa hesabu maalumu, na nuru ikiingia hutoka imevunjika vipande vidogo vingi. Ndiyo maana jiwe hilo humetameta hata mkono ukitikisika kidogo tu. Hesabu za mkato huo ziliandikwa na Marcel Tolkowsky mwaka 1919.

Njia ya pili ni mkato wa ngazi. Hapa nyuso ni ndefu na nyembamba, nazo zimelala sambamba na kingo za jiwe, moja chini ya nyingine, kama vipandio vya ngazi. Juu kuna bapa kubwa ambalo masonara huliita meza. Aina zake zinazojulikana zaidi ni tatu. Kwanza ni mkato wa zumaridi, yaani mstatili uliopunguzwa pembe zake nne. Uliitwa hivyo kwa kuwa zumaridi ni jiwe jepesi kuvunjika, na mafundi waliona kwamba kuzikata pembe hulilinda. Pili ni mkato wa Asscher, ulio mraba na pembe zilizokatwa, ambao Joseph Asscher wa Amsterdam aliuandikishia haki mwaka 1902. Tatu ni bageti, vijiwe vyembamba vya mstatili ambavyo mara nyingi huwekwa pembeni mwa jiwe kubwa.

Mkato wa ngazi haumetimeti sana. Hutoa miale mipana inayowaka na kuzimika polepole kadiri mkono unavyogeuka. Ukichungulia ndani unaona mwanga na giza vikipishana, kama unapoelekeza vioo viwili kimoja kwa kingine. Ni uzuri wa utulivu, na watu wengi wa makamo huupenda zaidi.

Lakini kuna jambo moja ambalo mnunuzi hana budi kulishika tangu mwanzo. Mmeto mwingi wa mkato wa duara huficha kasoro ndogo za jiwe. Mkato wa ngazi hauna kificho. Ile meza yake kubwa ni kama dirisha lisilo na pazia: doa likiwamo ndani utaliona, na umanjano ukiwamo utauona. Kwa hiyo utaratibu wa kulipima ni tofauti na ule ambao wauzaji wengi wamezoea kuueleza.

MAMBO MANNE YA KUPIMA

Almasi hupimwa kwa mambo manne: usafi, ukataji, rangi na uzito. Wauzaji hupenda kuanza na uzito. Kwa mkato wa ngazi, anzeni na usafi.

1. Usafi. Karibu kila almasi ina alama ndani yake: vidoti vyeusi, nyufa nyembamba au vijiwingu. Wapimaji huzitafuta kwa lenzi ya kukuza mara 10, kisha huandika daraja. Madaraja hayo yalipangwa na taasisi ya Marekani iitwayo GIA, iliyoanzishwa mwaka 1931, na sasa hutumika duniani kote. Kutoka juu kwenda chini ni FL na IF, kisha VVS1, VVS2, VS1, VS2, kisha SI1, SI2, na mwisho I1, I2 na I3. Katika jiwe la duara, SI1 aghalabu haionekani kwa macho matupu. Katika mkato wa ngazi yafaa kutafuta VS2 au zaidi, hasa jiwe likifika karati moja. Hakuna haja ya kulipia FL, maana macho yako hayataitofautisha na VS1.

Uliza pia alama ilipo. Doa lililo ukingoni laweza kufunikwa na kucha za pete. Doa hilo hilo likiwa katikati ya meza litakutazama kila siku ya maisha yako.

2. Ukataji. Kwa almasi ya duara, cheti cha GIA hutaja daraja la jumla la ukataji. Kwa mkato wa ngazi, kwa desturi, hutaja tu ulaini wa nyuso na ulinganifu wake. Kazi iliyobaki ni ya macho yenu. Tazameni mambo haya:

Kingo za kushoto na kulia ziwe sambamba kabisa, na pembe nne zilizokatwa ziwe za kipimo kimoja. Vipandio vya ngazi viwe na mistari iliyonyooka. Kosa dogo la fundi huonekana upesi hapa, kama ukuta uliojengwa bila timazi.

Gawanyeni urefu kwa upana. Mkato wa zumaridi unaopendwa na wengi huwa kati ya 1.30 na 1.50, na Asscher huwa karibu 1.00. Hakuna sheria katika jambo hili. Chagueni linalopendeza kidoleni.

Tazameni kina. Katika mkato wa ngazi, kina cha karibu asilimia 60 hadi 70 ya upana ni cha kawaida. Jiwe lenye kina kidogo mno huvujisha nuru, na katikati yake utaona ngozi ya kidole chako. Lenye kina kingi mno huwa na giza katikati, na sehemu ya uzito wake imejificha chini, mahali usipopaona lakini umepalipia. Karati moja ya mkato wa zumaridi iliyokatwa vyema huwa na urefu wa karibu milimita 7 na upana wa karibu milimita 5. Ikiwa mnaambiwa karati moja na jiwe ni dogo sana kuliko hapo, ulizeni uzito umekwenda wapi.

3. Rangi. Kipimo huanza na herufi D, isiyo na rangi yoyote, hadi Z, ambayo ni ya manjano hafifu au hudhurungi. Mkato wa ngazi huionyesha rangi kuliko wa duara. Mkitaka pete ya dhahabu nyeupe, tafuteni G au H. Mkitaka pete ya dhahabu ya manjano, kama wapendavyo watu wengi wa pwani, I au hata J itatosha, kwa kuwa dhahabu yenyewe huupa jiwe joto la rangi. Hapo mwaweza kuokoa fedha nyingi bila kupoteza uzuri.

4. Uzito. Hapa wengi hudanganyika kwa neno moja lenye maana mbili. Karati ya dhahabu hupima usafi: karati 24 ni dhahabu tupu, na karati 18 ina dhahabu asilimia 75. Karati ya almasi hupima uzito: karati 1 ni gramu 0.2, kwa hiyo karati 5 ni gramu moja. Pete yaweza kuwa ya dhahabu ya karati 18 na jiwe la karati 0.40. Muuzaji akisema "hii ni karati kumi na nane", mwulizeni anasema juu ya nini.

KWA NINI BEI HUPANDA HIVI?

Gramu mbili za dhahabu zina thamani ya gramu moja mara mbili. Almasi haiendi hivyo. Mawe makubwa ni adimu, kwa hiyo bei ya kila karati yenyewe hupanda kadiri jiwe linavyokua. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme jiwe la karati 0.50 linauzwa kwa shilingi 100,000 kwa karati: bei yake ni shilingi 50,000. Jiwe la karati 1.00 la ubora ule ule laweza kuuzwa kwa shilingi 250,000 kwa karati. Uzito umeongezeka mara mbili, na bei mara tano. Zaidi ya hayo, bei huruka panapofikiwa nusu karati na karati kamili. Jiwe la 0.92 hulipiwa kidogo kuliko la 1.00, na jicho halioni tofauti.

Kuna habari njema kwa mpenda ngazi. Almasi ghafi nyingi zina umbo ambalo mkato wa duara hulipoteza kwa wingi. Tunao mfano wa jirani. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi Mwadui, karibu na Shinyanga, katika Tanganyika ya wakati ule. Mwaka 1947 likapatikana huko jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, naye akampa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza aliyekuja kuwa Malkia, liwe zawadi ya arusi yake. Lilipokatwa duara zilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe iliondoka mikononi mwa mafundi. Mkato wa zumaridi kwa kawaida hupoteza kiasi kidogo kuliko mkato wa duara, na wanaotafuta duara ni wengi zaidi. Kwa hiyo, kwa uzito na ubora ule ule, jiwe la ngazi aghalabu huuzwa kwa bei ya chini kuliko la duara.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba almasi ni akiba. Mama zetu wa pwani wanajua kwamba bangili ya dhahabu ukiipeleka kwa sonara itawekwa kwenye mizani na kulipwa kwa bei ya siku. Almasi haina bei ya siku ya namna hiyo. Ukitaka kuiuza, mara nyingi utapewa sehemu tu ya ulicholipa. Inunueni kwa kuwa mnaipenda, na kwa fedha ambazo mko tayari kutozirudisha. Na ile kanuni ya kwamba bwana mwema hutumia mshahara wa mwezi mmoja au miwili kwa pete haikutoka kanisani wala kwa wazee. Ilitoka katika matangazo ya kampuni ya De Beers, waliokuwa wakiuza almasi hizo.

ZA MAABARA, ZA BANDIA, NA CHETI

Tangu miaka ya 1950 wanasayansi wameweza kutengeneza almasi. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza kazi hiyo mwaka 1955. Almasi ya maabara ni almasi ya kweli, ugumu wake ni ule ule, na hata sonara hodari hawezi kuitambua kwa macho, huhitaji mashine. Bei yake imeshuka sana katika miaka ya karibuni na ni chini mno kuliko ya ile ya ardhini. Si dhambi kuinunua. Wenye kipato kidogo wanaweza kupata jiwe safi la ngazi kwa njia hiyo. Dhambi ni muuzaji kuiuza kwa bei ya almasi ya ardhini.

Mbali na hizo kuna mawe mengine kabisa yanayofanana na almasi. Zirkonia ni nzito zaidi kwa ukubwa ule ule na hukwaruzika mapema. Moisanaiti ni ngumu, na huweza kukidanganya kile kifaa kidogo cha kupima joto cha masonara. Lakini ukichungulia kwa lenzi kwa upande utaona kingo za nyuso za chini zikionekana mbili mbili. Kupuliza pumzi juu ya jiwe, au kukwaruza kioo, si ushahidi wa kutosha.

Dawa ni cheti cha maabara inayojitegemea, isiyokuwa ya muuzaji. Mawe mengi yenye cheti huwa na namba iliyochorwa kwa miale kiunoni mwa jiwe, ndogo kiasi kwamba haionekani bila lenzi. Ombeni lenzi, isomeni namba hiyo nyote wawili, ilingane na ya kwenye karatasi. Muuzaji akisema cheti kipo njiani, ngojeni kifike ndipo mtoe fedha.

Kwa dhamiri zetu, ulizeni pia jiwe limetoka wapi. Katika miaka ya 1990 almasi za Sierra Leone na Angola ziligharimia vita. Mwaka 2003 ulianza mpango wa Kimberley wa kutoa hati kwa almasi ghafi zinazovuka mipaka. Mpango huo umesaidia, lakini hauelezi namna mchimbaji alivyolipwa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika akiulizwa.

KULITAZAMA JIWE

Wengi wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe huvuka kwenda kisiwani kutafuta sonara. Nendeni asubuhi, mkiwa mmekula, bila haraka. Dukani kuna taa ndogo kali juu ya meza. Chini yake hata kigae cha chupa huwaka. Ombeni kulisogeza jiwe mlangoni, katika mwanga wa mchana usio wa jua kali, kisha kivulini. Jiwe la ngazi lililo zuri hubaki hai kivulini.

Litazameni kwa macho matupu kwanza, umbali wa kusoma gazeti, kisha kwa lenzi. Litazameni likiwa halijawekwa katika pete, ikiwezekana, maana dhahabu huficha kingo na rangi. Ligeuzeni polepole: vipandio viwake na kuzimika kwa zamu. Tazameni unene wa kiuno chake. Kikiwa chembamba kama wembe, jiwe litabanduka kwa urahisi. Kikiwa kinene mno, mmelipia uzito usio na faida. Mwishowe rudini nyumbani. Jiwe zuri la leo litakuwa zuri wiki ijayo, na muuzaji anayekataza kulala na wazo lake amewaambia jambo muhimu juu yake mwenyewe.

KUITUNZA

Almasi ni ngumu kuliko mawe yote, lakini yaweza kupasuka ikigongwa vibaya. Pete ya ngazi yenye pembe zilizokatwa iwe na kucha nne imara zikizishika pembe hizo. Mvue pete mnapokuna nazi, mnapofua, mnapobeba mizigo. Na jueni kwamba almasi hupenda mafuta. Migodini hupitishwa juu ya meza iliyopakwa grisi, mawe mengine yakachukuliwa na maji, almasi zikanata. Kwa hiyo mafuta ya nazi na losheni huifanya ififie, na katika mkato wa ngazi ukungu huo huonekana upesi. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo na mswaki laini vinatosha. Zibeni tundu la sinki kwanza!

Na asiyeweza almasi asihuzunike. Hapa jirani yetu, Taita Taveta, huchimbwa tsavoraiti, jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo mwaka 1974. Nalo hukatwa kwa mkato wa ngazi na hupendeza sana. Si gumu kama almasi, hivyo huhitaji uangalifu zaidi, lakini ni jiwe la kwetu.

TURUDI CHANGAMWE

Wale wenzetu walikwenda kuliona jiwe la karati moja siku ya Jumamosi. Chini ya taa liliwaka kama lilivyowaka katika picha. Bibi akaomba lisogezwe mlangoni. Akalitazama, akampa bwana, akanyamaza. Katikati ya meza, wazi kabisa, palikuwa na doa jeusi mfano wa chembe ya pilipili manga. Cheti hakikuwapo. Bwana akalirudisha, akashukuru, wakatoka.

Katika matwatwa ya kurudi bibi ndiye aliyeanza kuzungumza. Alimwambia bwana kwamba kwa miaka kumi na mmoja, akisimama mbele ya darasa, alikuwa akificha mkono wa kushoto. Bwana hakuwa akilijua jambo hilo. Kumbe pete aliitaka. Asichokitaka ni kuletewa deni lililofunikwa kwa zawadi.

Walikaa na daftari majioni mawili. Waliandika karo ya mtoto wa mwisho, kodi ya nyumba, na kile kinachobaki. Sehemu kubwa ya mkopo waliirudisha chamani kabla ya riba kuongezeka. Kwa sonara mwingine walipata jiwe la mkato wa zumaridi la karati 0.40, rangi I, usafi VS1, lenye cheti, wakaliweka katika dhahabu ya manjano. Ni dogo. Watu wa jumuiya yao ndogo ndogo wengine hawakuligundua. Siku ya jubilei padri aliibariki, bwana akamvisha, na mtoto wao wa pili, yule aliyelazwa hospitalini, ndiye aliyeishika sahani ya pete.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Je, kuna deni, akiba au zawadi ambayo mmoja wetu anaijua na mwenziwe haijui? Lini tutakaa tuizungumze?

2. Tukitaka kununua kitu cha thamani, ni kiasi gani ambacho mmoja wetu asikitumie bila kumwuliza mwenziwe? Tukiandike.

3. Je, pete nitakayonunua ni ya mwenzi wangu, au ni ya macho ya wageni siku ya sherehe?

4. Ni kitu gani mwenzi wangu alikivua au alikiacha kwa ajili ya watoto wetu, na bado sijamshukuru?

5. Kabla ya kwenda kwa sonara: tumeamua kikomo cha fedha? Tunajua daraja la usafi na rangi tunalotafuta? Tumekubaliana kwamba siku ya kwanza hatutatoa fedha?

Jibuni swali la nne kabla ya lile la tano. Mungu azibariki nyumba zenu.